Siku niliyompeleka bibi kupiga kura

Desemba 12, 2019 nilikuwa shifti ya mchana kwenye nyumba ya wazee, kusini mwa Uingereza, nikapewa kazi ya kumpeleka bibi mmoja kupiga kura. Mvua, baridi, yeye kwenye wilchea kajifunika blanketi, mimi nasukuma. Alikuwa mwalimu wa historia enzi zake, na tangu ujana kura yake ni ya Conservative.

Njiani nikamuuliza, maana kwa kweli nilikuwa sielewi, mtu unapendaje chama cha wahafidhina? Mi nimekulia Tanga, chama tawala kinaitwa cha Mapinduzi, kwa hiyo kichwani mwangu chama ni cha kubadilisha mambo, na hao Conservative nilijua tu ni chama cha matajiri wasiotaka wageni. Hakukasirika. Akanipa habari za Robert Peel, waziri mkuu wa zamani wa chama hicho, na ilani yake ya 1834 inayoitwa ya Tamworth, kwamba alikubali yale mageuzi ya uchaguzi ya 1832 ambayo mwenyewe aliyapinga, ila akasema kasoro iliyothibitika tutairekebisha, kinachofanya kazi tusikibomoe. Yaani paa likivuja unabadilisha bati, huvunji nyumba, hivyo ndo nilivyomuelewa mimi. Na ilinigusa sana, maana babu yangu alikuwa anaongea hivyohivyo kuhusu mambo ya ukoo.

Halafu akanyamaza. Akaja kusema kinachomuuma ni kwamba Septemba ile Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati ule, aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama bungeni kwa sababu ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mmojawao mjukuu wa Churchill, na kwamba chama cha watu wa polepole siku hizi kina haraka kuliko wote.

Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Karani kauliza jina na anwani basi, wakati ule hakuna kadi wala wino kidoleni, akampa karatasi, penseli ipo kibandani. Alikaa humo mpaka nikaingiwa na wasiwasi. (Mi nilishapiga asubuhi, raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anaruhusiwa, na wenzetu wengi hawajui hili, jiandikisheni jamani!)

Kesho yake matokeo yako wazi, Conservative viti 365 kati ya 650. Nikampelekea chai, nikamwambia hongera, chama chako kimeshinda.

Akaniuliza, kipi?