Kiti alichokiacha Axel Weber

Leo nimeshuka kwenye treni Frankfurt, nikapita karibu na jengo la Benki Kuu ya Ulaya, nikasimama kidogo. Nimemkumbuka Axel Weber.

Nilipokuwa nasoma uchumi nilimpenda kwa sababu alianzia darasani kama mimi. Alikuwa profesa, na mwaka 2004 akateuliwa kuongoza Bundesbank, Benki Kuu ya Ujerumani. Kufikia 2010 wengi walimwona ndiye atakayempokea Jean-Claude Trichet kwenye kiti cha Benki Kuu ya Ulaya. Mwezi Mei mwaka huo, Ugiriki ikiwa taabani kwa madeni, benki hiyo iliamua kununua hatifungani za serikali, yaani hati za madeni ambazo serikali huziuza ili kukopa. Weber alipinga, tena hadharani. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya serikali na mabunge, benki kuu haikupaswa kuibeba.

Angeweza kunyamaza mwaka mmoja tu, akakipata kiti. Februari 2011 akatangaza kung'atuka Bundesbank, na kiti kikaenda kwa Mario Draghi. Weber akaenda kufundisha Chicago, kisha kuanzia 2012 hadi 2022 akawa mwenyekiti wa bodi ya benki ya UBS, Uswisi.

Kuhusu hatifungani sikubaliani naye hata leo. Bila ununuzi ule naamini wananchi wa kawaida wangeumia zaidi. Lakini mwaka jana kazini niliombwa kusaini tathmini ya mkopo nisiyoiamini. Nilikataa, na cheo nilichokitarajia kikampata mwingine. Usiku ule nilimfikiria Weber sana, nikalala.