Nyumba Zao Zisiwe Makaburi Yao

Nairobi, Jumapili, 27 Nisani 5784 (5 Mei 2024)

Jumanne ya tarehe 23 Aprili, siku ya kwanza ya Pasaka yetu sisi Wayahudi, nilivaa vazi jeupe, nikasimama mbele ya sanduku la Torati na kuomba umande. Ndivyo tufanyavyo kila mwaka siku hiyo katika Musafu, sala ya nyongeza ya sikukuu, na kuanzia hapo, kwa muda wa karibu miezi sita, tunaacha kumsifu Mwenyezi Mungu kwa maneno "avumishaye upepo na kuteremsha mvua". Maneno hayo hayarudi vinywani mwetu mpaka Shemini Atzereti, sikukuu ya Vibanda inapokwisha.

Usiku wa siku hiyo hiyo tulikuwa mezani kwa karamu ya pili ya Pasaka mvua ilipoanza. Tulipofika kwenye kikombe cha tatu, aliyekuwa akisoma alilazimika kupaza sauti ili asikike, kwa jinsi mabati ya veranda yalivyokuwa yakipigwa, na mwenye nyumba aliinuka mara mbili kusukuma matambara chini ya mlango. Kulipopambazuka, sehemu kubwa ya Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ilikuwa ndani ya maji, na watu walikuwa juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Nami nilikuwa nimemaliza kuomba umande.

Nimekuwa nikibeba jambo hili kifuani kwa siku kumi na mbili, na leo nataka kuliandika.

Kalenda yetu ni ya mwezi na jua kwa pamoja. Miezi hufuata mwezi mwandamo, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Majirani zetu Waislamu huuacha mwaka utembee, ndiyo maana Ramadhani huangukia kiangazi, kisha baada ya miaka ikaangukia masika. Sisi hatuna ruhusa hiyo, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inatuamuru kuutunza mwezi wa Abibu, mwezi wa masuke mabichi ya shayiri, na kuifanya Pasaka ndani yake. Kwa hiyo katika kila miaka 19 tunaongeza mwezi mzima mara saba. Mwaka huu ni mmojawapo: tulikuwa na mwezi wa Adari mara mbili, na Pasaka, ambayo bila nyongeza hiyo ingetufikia Machi, ikasogea hadi mwisho wa Aprili.

Masuke hayo, hata hivyo, ni masuke ya Nchi ya Israeli. Huko mvua huanza baada ya Vibanda na hukoma karibu na Pasaka, na mvua inayonyesha wakati wa mavuno ya ngano ni ishara ya ghadhabu, kama Samweli alivyowaonyesha watu alipoita ngurumo juu ya mashamba yao. Ndiyo maana sheria ni kali juu ya maneno machache tu: mtu aliyetaja kuteremshwa kwa mvua baada ya Pasaka, akakumbuka baadaye, hana budi kurudia sala. Ili ulimi uzoee mabadiliko ya majira, wako waliokuwa wakikariri kifungu hicho mara 90 kwa namna yake mpya. Mimi mwenyewe, katika wiki za kwanza, huweka kidole kwenye mstari wa kitabu cha sala hata kama nimeuhifadhi tangu utotoni.

Hapa Nairobi, kusini kidogo mwa Ikweta, kidole hicho huwa kizito. Masika yetu yanaanza pale pale ambapo sala inaaga mvua.

Swali hili niliulizwa waziwazi mwaka 2022, wakati misimu kadhaa ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo na mifugo ikifa kaskazini mwa nchi. Mzee mmoja katika jumuiya yetu, mkulima wa ngano upande wa Narok, alinijia baada ya sala ya umande, bado amejitanda shali yake, akaniambia: "Rabi, nimepanda, na mbegu ziko kwenye vumbi. Leo umenifunga mdomo nisiombe mvua. Nifanye nini?" Hakuwa akilalamika. Alitaka kujua, kama mtu anayeuliza njia.

Nilimjibu kwa jibu la kale sana. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, kwenye kitabu cha Taaniti, watu wa Ninawi walituma ujumbe kwa Rabi Yehuda Mkuu, wakisema: sisi tunahitaji mvua hata katika mwezi wa Tamuzi, katikati ya kiangazi chenu, je, tuhesabiwe kama mtu mmoja mmoja au kama umma? Akawajibu kwamba ni kama mtu mmoja mmoja, na kwamba waombe mvua yao ndani ya baraka iitwayo "Asikiaye sala". Maana yake ni kwamba sala ya umma hubaki imefungwa kwenye majira ya Nchi, lakini ndani yake kuna mlango mmoja usiofungwa, na kila mwenye shamba hupitia hapo na haja yake. Rambamu, mwalimu mkuu wa sheria wa karne ya 12, aliandika hivyo hivyo kuhusu visiwa vya mbali. Rabi Asheri, aliyetoka Ujerumani akaishi Toledo mwanzoni mwa karne ya 14, alijaribu kuwafanya watu wa huko waendelee kuitaja mvua hata baada ya Pasaka, naye hakukubaliwa. Katika karne ya 17 Wayahudi wa Brazili, ambako majira yamegeuka kabisa, waliandika swali lao kwa rabi wa Salonika, mji ulio Ugiriki ya leo. Mara nyingine nawaza kwamba kama pendekezo la Waingereza la mwaka 1903 la kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu lisingekataliwa miaka miwili baadaye, basi moja ya barua za kwanza kutoka Uasin Gishu ingekuwa inauliza habari ya mvua.

Yule mzee aliomba mvua yake katika "Asikiaye sala" kila siku. Mwaka huu hakuja Pasaka. Barabara ya kwao ilikuwa imekatika.

Hivyo basi, kwa miaka miwili nilidhani nimeshalipatia swali hili jawabu. Mwezi uliopita ulinionyesha kwamba nilikuwa na nusu tu ya jawabu, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza mtu aombe nini mvua inapozidi.

Siku ya saba ya Pasaka iliangukia Jumatatu, tarehe 29 Aprili. Siku hiyo tunasoma habari za kuvuka Bahari ya Shamu na wimbo ambao Musa na wana wa Israeli waliuimba ng'ambo. Katika gombo la Torati wimbo huo una umbo lake la pekee: umeandikwa kwa mistari 30, maneno yakipangwa kama matofali ukutani, na nafasi nyeupe zikiachwa kati ya kipande na kipande. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuona shairi limegawanywa ukwapi na utao ataelewa upesi jicho linavyotulia juu ya ukurasa wa namna hiyo. Mkutano wote husimama unaposomwa.

Nilikwenda sinagogi kwa miguu, maana siku hiyo hatupandi gari, na simu yangu ilikuwa imezimwa tangu Jumapili jioni. Kwa watu wetu, kama ilivyo katika saa ya Kiswahili, siku huanza jua linapozama. Na watu wa pwani wanaosema "usiku wa Jumamosi" wakiwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wake wanahesabu kama tunavyohesabu sisi. Askari wa langoni alikuwa ameinamisha buti zake zichuruzike maji, naye amesimama na kandambili. Tukaamkiana, kisha akaniuliza:

"Rabi, umesikia ya Mai Mahiu?"

"Sijasikia, ndugu yangu. Kuna nini?"

"Maji yameshuka alfajiri, watu wakiwa wamelala. Yamezoa nyumba na waliokuwemo."

Idadi hakuwa nayo, nayo ilikuwa ikibadilika kila saa. Baadaye tulijua kwamba waliokufa huko Mai Mahiu, mji mdogo wa Bonde la Ufa, walikuwa makumi ya watu. Nilimpa pole, kwa kuwa alisema ana jamaa upande ule, nikaingia ndani, na baada ya saa moja nilikuwa nimesimama mbele ya gombo lililofunguliwa kwenye wimbo wa watu wanaoshangilia maji.

Walimu wetu walishautilia wimbo huu mpaka. Talmudi inasimulia kwamba malaika walitaka kuimba usiku ule, Mungu akawakataza akisema: kazi ya mikono yangu inazama baharini, nanyi mnataka kuimba? Na moja ya sababu zinazotolewa za kupunguza zaburi za sifa, Haleli, katika siku za mwisho za Pasaka ni hii hii, kwamba Wamisri nao walikuwa viumbe wake. Mafundisho hayo nimeyasema mara nyingi. Lakini yanahusu maadui waliozama, farasi na mpanda farasi. Waliolala Mai Mahiu hawakuwa wakimfukuza mtu. Niliusoma wimbo kwa tuni yake, kwa sababu umma una haki ya kusomewa somo la siku na si kazi ya msomaji kulikata kwa huzuni yake. Lakini nilipofika kwenye "vilindi vimewafunikiza" sauti ilinikatika, na aliyesimama kando ya meza alinisomea neno lililofuata taratibu ili nilidakie.

Sikuhubiri siku hiyo. Sikuwa na la kusema, nami sikutaka kulitengeneza.

Baada ya Pasaka kwisha, Alhamisi usiku niliketi kutayarisha somo la Sabato, Aharei Moti, sura ya 16 ya Mambo ya Walawi. Linaanza kwa maneno "baada ya kufa kwa wana wawili wa Haruni", kisha, bila kueleza zaidi msiba huo, linaeleza huduma ya Siku ya Upatanisho: jinsi Kuhani Mkuu atakavyoingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, kwa mavazi ya kitani, na uvumba mkononi. Nilikuwa nikiwaza juu ya Haruni, baba aliyenyamaza kimya wanawe walipokufa na ambaye anaambiwa aingie mbele za Mungu, ambako walifia. Nikataka kukumbuka Kuhani Mkuu aliomba nini alipotoka. Sala hiyo ni fupi. Mapokeo yanasema hakuirefusha, asije akawatia watu hofu kwamba amekufa ndani. Aliomba mwaka wa mvua, na aliomba Mungu asiisikilize sala ya wasafiri, ambao kila mmoja hutaka mvua ikome ili afike kwake. Na kwa watu wa Sharoni, uwanda wa pwani ambako nyumba za matofali ya udongo hazikudumu na zilibidi kujengwa upya mara mbili katika kila miaka saba, aliongeza ombi la peke yao: nyumba zao zisiwe makaburi yao.

Nililijua ombi hilo. Tunalisoma kila Siku ya Upatanisho, na kila mwaka nimelipita kama mtu anavyopita nyumba ya jirani aliyemzoea.

Nikafungua Taaniti tena, kitabu kile kile chenye habari ya watu wa Ninawi, kurasa chache tu mbele. Huko wanasema kwamba haipigwi mbiu ya kuomba juu ya wingi wa mvua, kwa kuwa wingi wa mema hauombewi uondoke. Lakini mwalimu mmoja anaongeza kwamba uhamishoni mbiu hupigwa, maana Babeli ni nchi ya bondeni. Kisha inasimuliwa kwamba katika mwaka wa mvua nyingi, makuhani wa zamu Hekaluni, mojawapo ya zamu 24, walikuwa wakituma neno kwa Waisraeli waliosimama kwa ajili ya zamu hiyo: waangalieni ndugu zenu walio uhamishoni, nyumba zao zisiwe makaburi yao.

Niliusoma mstari huo nikiwa nimesimama, taa ya mezani ikizimika na kuwaka kwa sababu ya umeme wa usiku ule. Yerusalemu iko juu ya milima. Huko mvua nyingi ilijaza visima na kuwafurahisha watu. Katika saa ya furaha yao walikuwa na desturi, tena desturi yenye wajumbe na maneno yaliyopangwa, ya kukumbuka kwamba mvua hiyo hiyo inamzamisha mtu wa bondeni. Mimi nimehuzunika miaka yote hii kwamba kalenda inaomba mvua ya mahali pengine, na sikuwa nimeona kwamba waliokuwa katikati ya kalenda hiyo walitazama nje kuelekea kwetu.

Katika Sabato hakuna maombi ya haja; sala ya siku hiyo ina baraka saba tu, na "Asikiaye sala" haimo. Kwa hiyo jana niliwasomea Aharei Moti, nikawaeleza maneno ya makuhani wa zamu, nikawaomba wasubiri jioni. Walisubiri zaidi ya nilivyotegemea. Wengine walikuwa na habari za kimbunga Hidaya kilichokuwa kikiikabili pwani ya Tanzania, wakauliza kama wa Mafia na Kilwa nao wanaingia katika maneno hayo. Niliwaambia wanaingia. Nyota tatu zinazoonyesha kwamba Sabato imekwisha hazikuonekana kwa ajili ya mawingu, tukangoja saa itimie kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, kisha tukasimama kwa sala ya jioni. Tulipofika "Asikiaye sala" tulisema, kila mmoja kwa sauti ya chini: watu wa Mathare, watu wa Kitengela, watu wa Mai Mahiu, nyumba zao zisiwe makaburi yao.

Leo mchana akina mama wa jumuiya yetu wamekusanya mablanketi na sufuria, na gari litaondoka kesho barabara ikiruhusu. Askari wa langoni amepata habari: shangazi yake yu hai, nyumba haipo. Jioni hii, saa moja ikigonga, tutahesabu siku ya kumi na tatu ya Omeri, hesabu ya mavuno ya shayiri, na nje bado kunanyesha.