Siku moja ya mavuno ya zabibu, Hombolo

Saa 11 alfajiri. Agosti ya Dodoma ina baridi ya kuuma vidole, lakini ndiyo saa ya kukata. Zabibu iliyokatwa jua likiwa limekaza huanza kuchemka ndani ya kreti kabla gari halijafika. Vibarua wameshajipanga na mikasi yao. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Tunaingia mistarini.

Saa 1 asubuhi. Tuko kwenye Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya mvinyo. Shika kikonyo, usishike punje! Nalisema hilo mpaka sauti inakauka. Punje zilizopasuka zinatolewa palepale, maana zikichacha hazichachi peke yake. Bibi mmoja wa mstari wa jirani anakumbuka alivyokuwa akikatia DOWICO, kiwanda cha mvinyo cha serikali. Kilipokufa, marehemu baba yangu aling'oa nusu ya mizabibu akapanda uwele. Alirudi kupanda mizabibu pale CETAWICO, kampuni ya mvinyo, walipojenga kiwanda hapa Hombolo.

Saa 4. Chai na viazi, tukiwa tumesimama.

Saa 5. Kipimo cha sukari. Kijana anaminya punje, tone linaangukia kwenye kioo, anakielekeza juani na kuchungulia. 21, yaani kama asilimia 21 ya maji yake ni sukari. Nashusha pumzi. Zabibu si ndizi, ikishakatwa haiivi tena. Ikipungua sukari, bei nayo inapungua.

Saa 8 mchana. Hapa ndipo penye kisa. Msimu mmoja mnunuzi alituahidi gari, likaja siku ya tatu. Tulikuta nyuki wametutangulia. Mwenye gari alitaja bei yake nasi tukapokea, ungefanyaje na mzigo unaooza? Sasa kikundi chetu kinakamua wenyewe. Mchuzi, yaani maji ya zabibu tuliyokamua, ukiwa tangini, mnunuzi akisema bei ya kuudhi unamwambia aende akafikirie. Watu wa mjini wakisikia zabibu ya Dodoma imefufuka hutazama chupa na lebo. Mimi natazama tangi.

Saa 10. Kukamua, kuosha kreti (mabaki ya sukari yanaita nyuki), kuandika kilo za kila mwanachama. Karani na mzee mmoja wanabishana kuhusu kreti moja. Wanaihesabu upya, mzee ndiye aliyekuwa sahihi, na hakuacha kulisema hilo.

Saa 12 jioni. Nawalipa vibarua. Kesho tunaanza Chenin Blanc, zabibu nyeupe, ganda lake jembamba, kwa hiyo nimewaomba wafike saa 10 alfajiri. Wamenung'unika, lakini watakuja. Shamba likishapumzika tutapogoa, maana huku tunavuna mara mbili kwa mwaka na samadi ya msimu ujao bado sijainunua.