Kumuaga fundi bila kumzika

Kadi ya kwanza niliichana kwa mikono yangu. Mwenzetu mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko sote pale karakanani, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa "Buriani, Mzee wetu". Chini yake wengine walikuwa wamejaza ya kwao: ulikuwa mwalimu, ulikuwa mvumilivu, ulikuwa mtu wa watu. Mtu mwenyewe wakati huo alikuwa mlangoni, hatua kumi kutoka tulipokaa, anabishana na mteja kuhusu bawaba. Tulikuwa tunamwandikia tanzia mtu anayebishana.

Sikuwalaumu sana, maana hata mimi kichwani nilikuwa nimeshamzika mara mbili tatu. Mzee alikuwa anakwenda kufunguliwa kifua abadilishiwe vali ya moyo. Ukisikia maneno kama hayo yakisemwa juu ya mtu uliyefanya naye kazi miaka 14 benchi kwa benchi, ulimi wenyewe unakimbilia wakati uliopita. Ila nilipewa mimi kazi ya kuandaa siku ya kumuaga, nikasema kama kuna jambo moja nitalisimamia, basi ni hilo: hapa hakuna "alikuwa".

Ugonjwa wenyewe ulituchenga. Kwa miezi kadhaa tulimwona anapiga ubao randa mara tatu nne, kisha anauinua usawa wa jicho na kuuchungulia kwa muda mrefu, kama anayetafuta ulipopinda. Wanagenzi waliiga, wakidhani ndiyo ustadi wenyewe. Kumbe anavuta pumzi. Tulidhani ni vumbi la mbao, naye akatuacha tudhani hivyo, mpaka siku alipotaka kuzimia akiwa ameshika mwisho wa ubao na mimi nimeshika mwisho mwingine. Daktari alisikiliza kifua, akampeleka kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, jibu likatoka: vali inayotoa damu moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu, aota, imejaa chokaa na haifunguki sawasawa.

Yeye alitueleza kwa lugha yetu. "Ni mlango uliolowa maji ukavimba. Unausukuma, unafunguka robo. Mlango haujali. Anayechoka ni msukumaji."

Alikuwa na miaka 62, umri ambao madaktari wanaweza kumwachia mgonjwa achague aina ya vali. Ya chuma na kaboni inaweza kudumu maisha yote, lakini inataka dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya Mungu, na kupimwa damu mara kwa mara. Ya ng'ombe au nguruwe haihitaji dawa hiyo maisha yote, ila huchakaa. Huhesabiwa miaka kumi, kumi na tano, wengine ishirini. Alikuja na swali hilo kazini kama mtu aliyeletewa sampuli mbili za mbao. Tukajadili kwa siku nzima, nadhani tulifurahi kupata kitu tunachoweza kukijadili. Mwisho akanyoosha mkono wa kushoto, wenye makovu ya patasi tangu ujana wake, akasema, "Mtu mwenye mkono huu anywe dawa ya kufanya damu isigande?" Akachagua ya ng'ombe. Sababu ya pili aliniambia mimi peke yangu: amesikia kwamba vali ya chuma wengine huisikia ikigonga usiku, ti, ti, ti, naye anatambua makali ya randa kwa sikio. Hakutaka kelele ndani ya mwili.

Mimi ni mwoga wa hospitali, na niligundua kwamba woga wangu ulikuwa unanifanya nimkwepe. Nikawa nasoma jioni, si kwa ajili ya ushauri, bali nipate la kumwambia zaidi ya "Mungu atasaidia". Nikamsimulia kwamba mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa ilitumika kwa mafanikio kwa binadamu mwaka 1953, na daktari anayeitwa John Gibbon, Marekani. Alisikiliza kwa adabu. Lakini nilipomwambia kwamba vali iliyowekwa mwaka 1960 na daktari Albert Starr ilibuniwa pamoja na Lowell Edwards, mhandisi aliyestaafu, mtu wa pampu, na kwamba ilikuwa mpira mdogo ndani ya kizimba, unapanda damu ipite, unashuka uzibe, aliweka nyundo chini.

"Mpira ndani ya kizimba?"

"Ndiyo, Mzee."

Akachukua penseli, akauchora ubavuni mwa ubao wa mteja. Ubao huo uliuzwa na mchoro wake. Uko chini ya droo ya mtu.

Zawadi ilituletea kisirani zaidi ya kadi. Sisi ni maseremala, tukasema tumtengenezee kiti cha kupumzikia akirudi nyumbani. Tukatengeneza kiti kizuri kweli: cha chini, chenye mgongo wa kulala, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Nilikuwa nimeshapiga msasa miguu yote minne na ndimi zimeingia kwenye matundu yake bila kulegea, bado gundi tu. Ndipo binti yake, ambaye ni muuguzi, akapita kuchukua funguo. Akakitazama, akauliza ni cha nani. Tukamwambia kwa kunong'ona.

"Ataingia," alisema. "Kutoka hatoki."

Akatufahamisha. Mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno katikati, kisha hufungwa kwa waya, na waya hauufanyi mfupa uwe umeunga. Kuunga huchukua wiki kama sita mpaka kumi na mbili. Katika muda huo mgonjwa hanyanyui vitu vizito, havuti, hasukumi, wala haegemezi mikono kwenye kiti ili ajiinue. Anainuka kwa nguvu ya mapaja. Kiti cha chini chenye mikono mizuri ni mtego, mikono inamwita ajisukume. Mito ndiyo zawadi, akasema: mto mdogo mgumu wa kukumbatia kifuani anapokohoa, maana kukohoa ndiko kutakakomtoa machozi.

Basi miguu ile niliyoipiga msasa ikawa kuni, samahani, ikawa vipande vya akiba. Ilibidi tujue urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake bila yeye kujua. Mwanagenzi wetu mdogo alijifanya anatafuta msumari chini ya benchi na futikamba mkononi. Sentimita 46. Tukaweka kikalio kwenye 53, nyonga zikae juu ya magoti, tukapunguza kina chake, na mikono ya kiti tukaiacha kwa ajili ya kupumzisha viwiko tu, myembamba isiyoshawishi.

Siri ya karakana hudumu siku mbili. Ya tatu Mzee alisimama mbele ya fremu, akazunguka mara moja, akasema, "Hiki cha nani? Twiga?" Hakuna aliyejibu. Akapitisha kidole kwenye kiungo cha nyuma kushoto, akachukua patasi yangu bila kuniomba, akatoa unyuzi mwembamba kama wa kucha, akasukuma. Kiungo kikaziba. Akaenda zake. Hatukulizungumza tena.

Sasa nifike kwenye lililonishinda kwanza, kisha nikaliweza nusu.

Alhamisi jioni, wengine wameondoka, aliniita kwenye benchi lake akafungua kasha la zana. Akaanza: "Randa ndefu apewe yule mrefu. Patasi seti nzima wasiigawe. Kinoo..." Mimi nikamkatiza palepale. Nikasema usiseme hivyo Mzee, utarudi, wiki chache tu, madaktari siku hizi... Nilisema mengi. Alinisubiri nimalize, halafu akafunga kasha.

"Umemaliza? Nilikuwa naagiza kazi, wewe unanibembeleza."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Usiku nikaona nilichokifanya: mtu alikuwa amebeba mzigo anatafuta pa kuutua, mimi nikamrudishia kichwani kwa sababu sikutaka kuuona. "Utarudi" yangu haikuwa ya kumtuliza yeye. Mimi najua nini kuhusu vali? Yeye alishakubali kulala kwenye nusu kaputi moyo ukasimamishwa. Mimi nilishindwa hata kusikiliza nani apewe randa.

Ijumaa nikafika mapema kuliko yeye, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikachukua ubao wa unene wa inchi moja, nikakaa nao mbele ya benchi lake na penseli sikioni. Alipoingia nikamwamkia, nikasema, "Mzee, tuendelee na oda ya jana. Naandika." Alinitazama kidogo. Akataja, nikaandika kwenye ubao, kila zana na mwenyewe. Timazi aliyoachiwa na fundi wake. Tezo asiyoitumia. Madeni mawili, moja la kudai na moja la kudaiwa. Kinoo akaniachia mimi, na masharti: maji, si mafuta, na nisimwazime mtu anayenoa kwa haraka. Ilituchukua dakika ishirini hivi. Alipomaliza alishusha mabega, kama mtu aliyevua koti la mvua. Ubao tukauweka nyuma ya kabati, umegeuzwa uso ukutani, na hakuna kati yetu aliyesema "lakini hautahitajika".

Shughuli yenyewe ya kuaga ilikuwa mchana uleule na ilikwenda ovyoovyo, inavyotakiwa. Niliwakataza hotuba. Badala yake kila mtu asimulie kosa lake moja ambalo Mzee alilificha mteja asilione. Tukasikia ya kabati lililotengenezwa milango miwili ya kulia, ya meza iliyokatwa mguu mara nne ikatafuta usawa mpaka ikawa kigoda. Mimi yangu siisemi hapa, mteja bado yuko hai. Mzee alicheka mpaka pumzi ikamkata, akashika ukingo wa jiliwa, midomo ikabadilika rangi, na karakana nzima ikanyamaza. Sekunde chache zile zilikuwa ndefu. Kisha akainua kidole kimoja: subirini. Akavuta pumzi. "Endeleeni," akasema, "ila vichekesho vidogovidogo."

Mwanagenzi wetu alikuwa na mafua. Tulikuwa tumeambiwa kwamba maambukizi ya kifua yanaweza kuahirisha upasuaji, kwa hiyo alisimama nje, upande wa pili wa dirisha, akapaza sauti kusimulia kosa lake. Mzee alikwenda dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo. Tayari walikuwa wamemng'oa jino moja bovu, maana uozo wa mdomoni unaweza kupeleka vijidudu kwenye vali mpya, na pengo lake lilimfanya aonekane mtoto wa darasa la kwanza. "Wameanza na jino," akamwambia kijana kupitia kioo. "Nasikia wanashuka kidogokidogo."

Kadi mpya iliandikwa "Kwaheri ya kuonana" na ndani kila mtu aliuliza swali la kazi linalohitaji jibu. Niliwaomba wasiulize maswali ya uongo, naye ayajibu akipata nguvu. Langu lilikuwa kuhusu gundi. Alipotoka mlangoni nilimpa mkono, nikasema tu, "Nitanoa patasi zako kila Jumatatu." Akasema, "Usizinoe. Zifute." Sikupata neno jingine, na sidhani kama lilihitajika.

Siku ya upasuaji tulifunga saa nne asubuhi, hatukuweza kukata kitu kilichonyooka. Binti yake alipiga simu jioni: moyo umeanza tena kudunda wenyewe.

Majibu ya kadi yalianza kuja wiki ya tatu, moja moja, kwa sauti ya simu, kila moja na mkoromo wa mtu anayekumbatia mto. Kuhusu gundi alisema mimi naweka nyingi. Wiki ya kumi alikuja na kiti kimebebwa na mwanawe, akakaa katikati ya karakana na kutuamrisha kutoka juu. Ya kumi na nne akaniamuru nimkatie kiti sentimita nane. Alipiga mstari yeye, nikakata mimi.

Ruhusa ya kupiga randa ilikuja baadaye. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akautoa ule ubao, akaubana kwenye benchi upande wenye maandishi ukiwa juu. Randa ilipita mara ya kwanza ikanyanyua ukanda mrefu mwembamba, ukajiviringa ukaanguka miguuni pangu, penseli ikionekana ndani ya mviringo wake. Niliuokota nikaukunjua. Ulikuwa mstari wa kinoo.

"Hicho," akasema, bila kuangalia, akirudisha randa nyuma, "usikitamani."

Alipiga mara tatu, akainua ubao usawa wa jicho, akauchungulia. Nilimtegea sikio. Alikuwa anahema kawaida. Ubao ndio uliokuwa umepinda.