Miwani ya jua ya mwanaume: soma ndani ya mkono kwanza

Geuza mkono wa miwani, usome upande wa ndani. Ukikuta 52-18-140, kioo kina upana wa milimita 52, daraja la pua 18, mkono urefu wa 140. Mwenye uso mpana aanzie 55 hivi. Akilazimisha 50, mikono inatanuka, inabana panja, na jioni kichwa kinagonga.

Weusi wa kioo usikudanganye. Kioo cheusi kisichozuia miale ya urujuanimno ni hatari zaidi, kwani gizani mboni hutanuka na miale huingia kwa wingi. Tafuta UV400, alama ya kioo kinachozuia miale hiyo, ila kibandiko mtu yeyote anaweza kuchapa. Duka la macho lenye mashine ya kupima litakuambia ukweli. Weusi wa kioo hupangwa kwa makundi, 0 hadi 4: kundi la 3 linatosha juani. Kundi la 4 usiendeshe nalo gari, hata kama linakupendeza.

Sasa ivae. Tabasamu: fremu ikipanda na mashavu, ni kubwa mno. Kope zikigusa kioo, kitajaa mafuta siku nzima. Inama utikise kichwa. Fremu ya plastiki yenye pua ya kuchongwa huteleza kwenye pua pana au bapa, hasa ukitoka jasho; chukua yenye vipedi vya silikoni, fundi atavipinda kidogo.

Mtindo? Uso wa duara, fremu yenye kona. Uso wa kona, Aviator, ile ya marubani yenye vioo vya umbo la tone. Mengine ni porojo za wauzaji. Afadhali ukague bawaba: ikilegea dukani, skrubu itadondoka barabarani.