Gego la Mwisho Likishatoka, Chunga Lile Lililobaki Mbele Yake

Likishang'olewa gego la mwisho, watu huuliza habari za tundu tu: limefunga? bado linauma? Tundu kwa kawaida hujiponea. Linalotaka ulinzi ni gego la pili, lile lililokuwa mbele yake, hasa la taya la chini.

Gego la mwisho likiota kwa kulala, huegemea mzizi wa jirani yake. Chakula na ukoga hukaa hapo miaka, mswaki haufiki, na mfupa ulio kati yao huliwa polepole. Mfupa huo haurudi wote. Ufizi ukishindwa kushika mzizi, hubaki mfuko kati ya ufizi na jino: kina cha milimita 1 hadi 3 ni salama, 5 na zaidi mswaki haufiki chini. Aliyevuka miaka 25 hivi yuko hatarini zaidi, na mvuta sigara pia. Basi mwombe daktari akwangue ukoga nyuma ya gego la pili kabla hajashona. Wakati huo mzizi anauona, baadaye atapapasa.

Saa 24 za kwanza usisukutue wala kunywa kwa mrija, damu iliyoganda isije ikang'oka. Maumivu makali yakizuka siku ya 2 hadi ya 4, yakielekea sikioni, rudi kliniki. Baada ya saa hizo 24, sukutua kila ukishakula: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi ya maji vuguvugu.

Kosa kubwa ni kuacha kupiga mswaki upande ule kwa kuogopa kidonda. Kuanzia siku ya pili tumia mswaki laini wa mtoto. Fungua mdomo nusu tu ili shavu lilegee, pitisha kichwa cha mswaki hadi nyuma ya gego, usugue taratibu bila kugusa nyuzi. Simsim, njugu na mahindi ya kuchoma viache kwanza. Chembe zake huingia tunduni. Wiki ikipita, daktari akiruhusu, osha tundu kwa bomba la mililita 10 lisilo na sindano.

Jino kushtuka kwa maji baridi wiki za mwanzo si ajabu. Damu, harufu au usaha ukibonyeza ufizi ni habari nyingine: usingoje.

Vinginevyo, rudi baada ya miezi 6 upimwe mfuko. Iwe Kampala au Arua, hakikisha daktari anatumia kijiti chenye alama za milimita, kwani kioo peke yake hakionyeshi kina.