Nilivyokandika upya ukuta wa baa ya kale Uingereza

Kazi hii niliipata kwa sababu najua kukandika. Mimi ni fundi ujenzi, nimekulia Pangani katika nyumba ya miti na udongo, na sasa naishi Uingereza, upande wa Worcestershire. Huku vijijini bado kuna nyumba za kiunzi cha mbao zilizojengwa kabla Wareno hawajafika pwani yetu. Anayetaka kuiona moja aende Bretforton, kwenye baa iitwayo Fleece Inn: ilikuwa nyumba ya mkulima tangu karne ya 15, ikawa baa mwaka 1848, na mwaka 1977 mwenyewe akaiacha kwa wosia mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale.

Baa niliyoitiwa mimi ni ya kijiji kingine, lakini ujenzi ni uleule. Kiunzi kizima ni mwaloni, umeungwa kwa ulimi na tundu, kisha ukapigwa vigingi vya mwaloni. Kwenye maungio utaona mikato ya patasi, IIII hapa, VI pale. Maseremala walikikata kiunzi kikiwa kimelazwa uwanjani, wakakitia namba, wakakibomoa na kukisimamisha mahali pake. Mwaloni waliutumia ungali mbichi, maana ukikauka ni mgumu mno kuchonga. Ulikauka ukiwa tayari ukutani, ukajipinda, ndiyo maana nyumba hizi zimekaa upande na bado ni imara.

Adui alikuwa saruji. Fundi fulani wa zamani aliziba uwazi wa kati ya nguzo kwa matofali, akapiga lipu ya saruji. Mvua iliingia kwenye nyufa, ikakosa pa kutokea, na mguu wa nguzo ukaoza. Mwenye baa alishughulikia kwanza kibali cha halmashauri, kwa kuwa kubadili jengo lililoorodheshwa, yaani lililo kwenye orodha ya majengo ya kale yanayolindwa na sheria, bila kibali ni kosa la jinai. Nikabandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, nisiumize mbao. Seremala akaondoa palipooza tu, akaunga mwaloni mpya.

Nyuma ya matofali nilikuta kitu kilichonifurahisha sana. Chini ya boriti ya juu kulikuwa na matundu yamepangwa mstari. Juu ya boriti ya chini, mfereji. Hapo ndipo pau, yaani vijiti vya kusimama, zilipokaa: ncha ya juu inaingia tunduni, ya chini inatelezeshwa mferejini mpaka ikaze. Kwetu fito hufungwa kwa kamba nje na ndani ya nguzo, katikati tunajaza mawe na udongo. Wao husuka fito za mti wa heizeli kupita kati ya pau, na udongo ndio unaozishika.

Udongo wa zamani ulioangukia ndani niliuloweka, nikauchanganya na mpya, mabua ya ngano na samadi ya ng'ombe, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukashikamana. Kijana niliyefanya naye kazi alisimama ndani, mimi nje, tukikandika kwa pamoja. Baba alikuwa akiniambia, "Mwanangu, udongo ukutane katikati, la sivyo utabanduka." Ulipokauka ukajitenga kidogo na mbao pembeni, kama ilivyo kawaida yake. Nikaziba kwa chokaa, nikapiga lipu ya chokaa na nywele za mnyama, nikafunika kwa magunia mabichi, mwisho nikapaka chokaa nyepesi mikono kadhaa.

Mwenye baa alitaka mbao zipakwe rangi nyeusi. Nilimweleza kwamba weusi na weupe ule umeenea zaidi kwa mtindo wa karne ya 19, na kwamba mwaloni ukiachwa wazi hugeuka kijivu chenyewe. Akakubali tuuache.

Ukuta wa upande wa jikoni bado una saruji. Tutauanza baridi ikiisha, kwa sababu chokaa mbichi haistahimili barafu.